Mtoto Muulize kwa Lugha Anayolilia

Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi ya kulea watoto wa wenyewe, nasikia mnapelekwa semina kwanza, mnakaa kwenye viti laini na saa nne mnapewa chai na mandazi. Vizuri sana. Mimi sikupelekwa popote. Nilipewa aproni, nikaonyeshwa bweni la wasichana wadogo, nikaambiwa uji unaiva mapema na watoto hawapendi kungoja. Aliyeniambia hayo alikuwa Mama Kalunde, mpishi wetu, mwanamke mfupi ambaye hata akiomba chumvi unadhani anakugombeza. Semina yangu yote ilikuwa yeye.

Sasa nimestaafu. Niko Mukuyuni, nafuga mbuzi, na nawashauri watu ambao hawajaniomba ushauri. Nyumba yetu ya watoto ilikuwa nje kidogo ya Kathonzweni, na jina lake sitalitaja kwa kuwa ingali ipo na ina wenyewe. Watoto waliniita Anti Ndunge. Wengine wao wana watoto leo na bado wananiita hivyo mbele ya waume zao.

Nianze na magodoro, maana hayo hamtaambiwa semina. Kila bweni lina mtoto anayekojoa kitandani. Ukianika godoro lake peke yake, umemtangaza. Mama Kalunde alinifundisha kuanika yote, kila siku ya jua, na kwetu jua si kitu cha kutafuta. Wageni walikuwa wakitusifu kwa usafi, nasi tunainamisha vichwa na kusema asante.

Halafu kuna nguo ya mtoto mgeni. Akifika, mikono itakuwasha umvue, umwogeshe, umvike vya nyumba. Mwogeshe, lakini nguo aliyokuja nayo usiifue. Ina harufu ya kwao, ya moshi na ya mtu aliyembeba. Ikunje uiweke chini ya mto wake, naye atalala. Siku moja atakuletea mwenyewe uifue, bila maneno mengi. Nimeona watoto waliokaa na kitambaa cheusi kwa uchafu mpaka mvua mbili zikapita. Mkaguzi wa afya akikuuliza, mwambie ni cha kufutia viatu.

Wageni ndio kazi ngumu kuliko watoto. Wako wanaokuja kwa saa moja na maputo, wanaacha watoto wamevimbiwa na soda na sisi tunaokota mipira iliyopasuka mpaka Jumatano. Wako wanaokuja kulia. Hao wape kiti na maji, wakimaliza wataondoka. Na wako wanaokuja kupaka rangi. Ukuta wa jumba letu la kulia chakula ulipakwa rangi na kila kundi lililopita: njano, kijani, njano tena, halafu buluu yenye samaki, sisi ambao mto wetu una mchanga mtupu. Mama Kalunde alikuwa akisema siku moja matofali yataoza na ukuta utabaki umesimama kwa rangi peke yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo watu. Yeye hakungoja siku ya tatu. Alimwekea mgeni beseni la ndengu mapajani kabla hajamaliza kusalimia, na akimwona anavyochagua mawe alikuwa tayari anajua kama mtu huyo atafaa au la.

Nataka kuwaeleza kuhusu wageni wawili waliochagua ndengu vizuri.

Mkisikia neno wamishonari najua mnawaza wazungu na kofia. Hawa walikuwa watu wa Pwani, upande wa Rabai, mume na mke, Elisha na Neema. Kanisa lao lilikuwa limewatuma kaskazini kwa wafugaji wa ngamia, na wamekaa huko miaka mpaka ngozi zao zimechukua rangi ya vumbi la huko. Walipopewa likizo ya Desemba wakaambiwa wakapumzike. Wao waliona kupumzika ni kubadilisha kazi, wakaandika kuomba waje watusaidie. Nilipoambiwa wanakuja nilihesabu makopo ya rangi yaliyobaki stoo, nikasema moyoni, haya, samaki wengine.

Na wakati huo tulikuwa na Mwende.

Mwende alikuwa bado na meno yake ya kwanza. Mama yake alikuwa akifanya kazi ya hoteli pale Kathonzweni, akaugua, akafa. Susu yake, yaani nyanya yake, alitoka Migwani, akasafirisha maiti kwenda kuzika, na baada ya mazishi akarudi kutuletea mtoto. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimwambia Mwende, "Ningoje hapa. Mvua ikiisha nakuja kukuchukua." Akaenda. Mvua ikaisha, ikaja nyingine, nayo ikaisha. Namba ya simu aliyotuachia haikupatikana kamwe. Ujumbe tuliotuma kwa mzee wa kijiji ukapotelea njiani.

Mwende alikuwa akiishi getini. Kiswahili hakukijua, labda maneno ya chakula na ya kufukuza kuku. Kila asubuhi baada ya uji alienda akasimama pale, akashika vyuma kwa mikono miwili, akatazama barabara. Kazi yangu ilikuwa kumtoa pale ili magari yapite.

Siku wageni walipofika walikuwa wameacha gari lao chini kwa fundi wa magurudumu, wakapanda kwa miguu na mizigo. Mimi nilikuwa mbali, naanua nguo. Sikuwaona. Nilichoona ni mtoto getini na pikipiki ya mleta maziwa inakuja nyuma yake kwa fujo, nikapaza sauti:

"Mwende! Mwende! Ondoka hapo getini!"

Nikatazama vizuri, nikaona watu wawili wazima wamesimama nje ya geti na mabegi mikononi, wameganda. Yule mwanamume akavua kofia.

"Mama," akasema, "tuwie radhi. Kwani tumekosea siku?"

Nilicheka mpaka nguo zikaanguka. Yeyote anayejua Kiswahili kuliko mimi ataelewa: mtu amesafiri kutoka kwa ngamia, amefika mlangoni, na kitu cha kwanza anachosikia ni kwamba yeye na mkewe waende zao, waondoke hapo. Niliwaendea nikawaeleza kwamba Mwende ni jina la mtoto. Kwa Kikamba ni mpendwa, limetoka kwenye kwenda, na kwenda kwetu ni kupenda, ni kutaka. Kule kwenda kwenu kwa miguu sisi twasema kuthi. Mkikuyu wa pale Emali hangekosea, kwao pia kwenda ni kupenda. Mtu wa Pwani angejuaje?

Neema aliinama akamtazama mtoto. "Kumbe wewe ndiwe mwenye kutufukuza," akamwambia. Mwende hakuelewa neno, akampa mkono.

Elisha naye hakuwa amemaliza. Alienda jikoni kuamkia. "Shikamoo mama," akamwambia Mama Kalunde. Mama Kalunde hakuwa na hakika neno hilo hujibiwaje, akasema, "Hata wewe." Kisha kwa heshima akamsalimia kwa salamu ya kwetu, akamnyooshea mkono: "Wacha!" Elisha akarudisha mkono wake haraka. Ilibidi nimweleze kwamba hakatazwi kitu, hiyo ni salamu, na ajibu "Aa." Siku zote zilizobaki walisalimiana hivyo, mmoja anapiga kelele wacha na mwingine anajibu aa, na watoto wanaanguka chini kwa kicheko.

"Hii watu iko sawa," Mama Kalunde aliniambia jioni, akipima ndengu zao kwa kiganja. "Hata jiwe moja hakuna. Hawa usiwape rangi."

Hatukuwapa rangi. Elisha alikuwa fundi wa mikono, alitengeneza vitasa, akashona madaftari yaliyochanika. Neema alikuwa na mimi bwenini. Nawaambia ukweli, watu wa likizo nimewaona wengi na wengi niliwahesabia siku waondoke. Huyu alikuwa anajua kukaa. Hakuwabeba watoto ovyo, hakuwapiga picha. Alianika magodoro nami bila kuuliza kwa nini yote.

Lakini Mwende alimwandama. Akawa haendi getini asubuhi nzima, anaenda kidogo kisha anarudi kumtafuta Neema. Kila mmoja aliongea lugha yake na mambo yao yakaenda. Neema alimsuka nywele kwa mistari ya Pwani, mikono yake inatembea polepole kuliko ilivyohitaji. Nikaona, nikasema mh.

Tukiwa tunachagua mboga aliniambia mwenyewe. "Anti, sisi Mungu hakutujalia. Tumeomba mpaka tumechoka kuomba, sasa tunafanya kazi tu." Akavunja jani la kunde. "Huyu mtoto, ana mtu?"

Nikamwambia ana susu, na kwamba susu hakurudi.

"Basi ni kama hana."

"Ni kama," nikasema. Na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Wao wakaenda kwa meneja, meneja akampigia simu afisa wa watoto, na mambo yakaanza kwenda kama yanavyoenda. Siku hizi, mnajua, haitakiwi mtoto azeekee kwenye nyumba kama yetu. Anatakiwa arudi kwa jamaa, na jamaa wakikosekana apate nyumba ya watu. Hawa walikuwa Wakenya, wameoana kanisani, wana kazi, mchungaji wao anawajua. Ilibaki kusikia mtoto mwenyewe anasema nini, na hapo ndipo nawaomba mtege masikio.

Afisa alikuja, mama mmoja mpole wa kutoka upande wa Busia. Tulikaa chini ya paa la mabati nje ya ofisi: yeye, meneja, Elisha na Neema, mimi, na Mwende kwenye benchi katikati, miguu haifiki chini. Afisa hakuwa na haraka, akamwuliza mtoto kama amekula. Mwende akasema amekula. Hilo alilijua. Kisha akamnyooshea kidole Neema na Elisha, akauliza kwa sauti nzuri:

"Mwende, unataka kwenda na hawa?"

Mwende akawatazama. Uso ukafunguka wote. "Ii!" akasema. "Kwenda!" Akateremka kwenye benchi, akaenda akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya Neema.

Afisa akatabasamu. Meneja akapumua. Elisha akashika bega la mkewe. Mimi nilisikia alichosikia mtoto. Aliulizwa kama anawapenda hawa. Akasema ndiyo, anawapenda. Nani asingesema?

Nikafungua mdomo. Lakini Neema alinitangulia. Nilimwona uso wake umewaka, kisha nikauona unazima, taratibu, bila mtu kumwambia kitu.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu hajui Kiswahili. Anti, muulize kwa Kikamba. Useme kule kwenda kwa miguu."

Afisa akaniangalia, akaitikia kwa kichwa. Elisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu." Hakumalizia.

Nilipiga magoti nikamuuliza Mwende kwa lugha yetu kama anataka kuondoka hapa, apande gari na hawa wawili, aende akakae kwao mbali, huko kwenye ngamia. Nilisema kila neno polepole. Sikutikisa kichwa wala sikumkonyeza, kwa sababu mtoto husoma uso kabla ya maneno.

Hakufikiria hata kidogo. "Aiee," akasema. Hapana. Akaniuliza kama nimesahau. Yeye anamngoja susu, na akiondoka, susu akija atamkuta nani?

Nikawatafsiria. Nilitamani mtu mwingine ndiye atafsiri.

Nyinyi vijana mnapenda kuandika vitu. Basi andikeni hiki: mtoto muulize kwa lugha anayolilia. Akianguka usiku au akiumwa na nyuki, sikiliza anaita nani na kwa maneno gani. Hiyo ndiyo lugha ya kumuuliza jambo la maisha yake. Hizo nyingine ni za kuombea maziwa.

Afisa alisema jambo lisimame, kwanza susu atafutwe. Lakini mtu wa kumtafuta alikuwa nani, wakati wa Krismasi? Nilidhani wageni wetu watafunga mizigo. Ningekuwa mimi ningefunga. Kulipokucha nikamkuta Elisha anamwaga maji kwenye injini ya gari, na Neema amekaa mbele, amejifunga kilemba.

"Anti, Migwani unaijua njia?" akaniuliza.

"Naijua. Unaenda kufanya nini?"

"Kumtafuta mtu anayengojwa."

Migwani si karibu. Tulizunguka, tukala vumbi, tukaulizia sokoni kwa watu wa mbegu na watu wa kamba, mpaka mama mmoja muuza ndizi akasema anamjua, ni yule wa chini ya kilima, ambaye nyumba yake iliangushwa na mvua. Njia nzima Neema alisema maneno machache mno. Nilimwonea huruma, na nilimwogopa kidogo pia, maana sikujua anaomba tumpate huyo mwanamke au tusimpate. Sidhani yeye mwenyewe alijua.

Tulimkuta susu amekaa kwenye jiko la jirani, anapukuchua mahindi ya mtu. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua, ukuta mmoja umelala chini wote, mabati yamening'inia. Aliponiona alinikumbuka. Akasimama, akatazama nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtoto, kisha akatazama chini.

Tulisalimiana, tukapewa viti. Nikamuuliza, kwa nini hakuja?

"Nije nimpeleke wapi?" akasema. Maneno yake nawapa kwa Kiswahili. "Huko kwenu analala kwenye kitanda, ndani ya nyumba ya simiti. Mimi mwenyewe nalala kwa watu. Nilipomleta ukuta ulikuwa tayari umepasuka, nikasema nitajenga kwanza. Nikajaribu. Ukuta hauinuliwi na mikono ya mtu mmoja mzee."

"Na majirani?"

"Mwethya huwaiti bila kuwapikia," akasema. Mwethya ni ile kazi ya pamoja, watu wanakuja kukulimia au kukujengea, nawe unawalisha. Yeye hakuwa na cha kupika, akaona aibu kuwaita, akanyamaza. Simu iliharibika maji yalipoingia.

Nilimweleza wageni ni akina nani na walikuwa wanataka nini, maana sikuona haki kumficha. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Neema kwa muda mrefu, mavazi yake, mikono yake. Kisha akaniambia:

"Wana nyumba?"

"Wanayo."

"Ni watu wazuri?"

"Ni wazuri."

"Basi waambie wamchukue. Waambie mimi nimekubali. Kuliko alale kwenye masizi."

Sasa fikirini. Kazi yangu pale ilikuwa kutafsiri. Nikamgeukia Neema nikamwambia: amesema mmchukue, amekubali.

Alikuwa na kila kitu mkononi mwake. Mwenye mtoto amesema ndiyo, mbele ya shahidi, kwa lugha yake mwenyewe, bila neno la kukosewa. Elisha akakaza macho kwenye kofia yake. Kuku wakapita katikati yetu. Neema akavuta pumzi, na alipozungumza sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka.

"Mwambie mtoto tulimuuliza. Akasema hataki kuja nasi. Anamngoja yeye."

Nikasema. Susu akaweka chini gunzi la mahindi.

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Kila asubuhi yuko getini."

Yule mwanamke mzee hakulia. Alisimama, akavuka ua, akaanza kuokota matofali yaliyoanguka na kuyapanga moja juu ya jingine, kama mtu aliyechelewa kazini. Elisha akavua shati.

Hivyo ndivyo walivyoimaliza likizo yao. Neema aliingia kwenye gari, akarudi kutoka sokoni na gunia la mahindi ya kukoboa, maharagwe na mafuta, akamwambia susu kwamba sasa chakula kipo, awaite watu wake. Susu alikataa mara mbili kama inavyotakiwa, kisha akaita. Wanawake wa mtaa walikuja na majembe na ndoo, na wa kanisa lake wakaja wakiwa wamenuna kwa nini hawakuambiwa mapema. Walimgombeza huku wanakanyaga udongo. Elisha, mtu wa Mungu, alianza kuwatolea neno fupi kuhusu nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, na mama mmoja akamwambia, "Mchungaji, hubiri na mikono." Akachukua karai. Mwashi wao alikuwa mzee mwenye kamba na kipande cha mti tu, na ukuta aliounyoosha ulinyooka. Mimi nilipika muthokoi, yaani yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwa sufuria ya kuazima, nikauunguza chini, nikayajutia maneno yote niliyowahi kumwambia Mama Kalunde kuhusu jikoni.

Nitawaambia jambo jingine la kazi. Mgeni anayekuja kusaidia, usimwonyeshe ukuta wako. Mwonyeshe ukuta wa yule ambaye mtoto anamngoja. Mimi ilinichukua maisha mazima ya kazi kulijua hilo, na sikulijua kwa akili zangu.

Ukuta ulipokauka na mabati kurudishwa, afisa alikuja akatazama, akaridhika, akasema mtoto aletwe. Aliyeenda kumleta ni Neema. Mimi nilisema nitaenda mimi, akasema hapana, aliyemsuka ndiye atakayemfungia mzigo. Sijui njiani walisema nini, kwa kuwa hawakuwa na lugha ya kusemezana. Gari liliposimama, Mwende alikuwa amelala begani kwake. Neema akamwamsha kwa kumpuliza usoni.

Mwende alimwona susu yake. Hakukimbia, kama mnavyoona kwenye sinema. Alitembea, akafika, akashika sketi ya yule mwanamke kwa mikono miwili, na akaanza kumshtaki kwa Kikamba, kwa hasira, kwamba mvua iliisha, na nyingine ikaisha, na yeye alikuwa pale, na watu wanamwondoa getini kila siku. Hapo akaninyooshea kidole mimi. Susu aliitikia kila shtaka: ndiyo, ni kweli, ndiyo. Mimi nilijifanya natafuta kifuniko cha sufuria. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nimeumia, na kazi hii itawapa mara nyingi vyote viwili kwenye sahani moja.

Tulikula. Watu wakaanza kuaga. Elisha alikuwa anafunga mizigo kwenye gari, na Neema amesimama mlangoni na ndoo ya maji aliyokuwa amechota, hajui aiweke wapi. Susu akanivuta mkono.

"Huyu," akasema, "anaitwa mama nani? Nimekaa naye siku zote hizi namwita wewe, wewe."

Swali hilo kwetu ni la adabu. Mwanamke mzima huitwi kwa jina lako la utotoni, unaitwa kwa mtoto wako. Nilitamani kulimeza. Lakini mtafsiri akianza kumeza maneno, hakuna mwisho, basi nikamwambia Neema anaulizwa nini.

"Mwambie naitwa Neema tu," akasema.

Susu akatikisa kichwa. "Hakuna mtu anaitwa tu." Akamtazama Mwende, ambaye alikuwa ameketi kwenye kizingiti kipya, anatoa udongo kati ya vidole vya miguu. Akafikiria. Kisha akasema, na mimi nikatafsiri nyuma yake, neno kwa neno:

"Mwambie mama wa huyu mtoto alikufa. Akaenda, lakini jina lake lilibaki hapa nyumbani, na halina mtu wa kuliitikia. Mtoto ni wangu, atakaa na mimi. Lakini jina hilo anaweza kuondoka nalo yeye."

Neema akabaki ameishika ndoo yake. Nilidhani hakunisikia vizuri, nikataka kurudia. Susu akaninyamazisha kwa mkono, akapaza sauti, kama mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya shamba:

"Mama Mwende!"

Mtoto akainua kichwa kuona ni nani anayeitwa. Neema akaweka ile ndoo chini, polepole ili maji yasimwagike, na akaitika kama wanavyoitika wanawake wa kwao.

"Abee."